Kemia ya uhai kwa muhogo, ini na kichupa kimoja cha iodini

Kila likizo maswali ni yaleyale. Mmoja anauliza kwa nini sukari ya dukani inagoma kugeuka nyekundu kwenye Benedict (myeyusho wa buluu wa kupimia sukari). Mwingine anataka kujua atoe maji mangapi anapounganisha glukosi tatu. Wa tatu, na huyu hakosekani, anauliza kama chumvi ya madini joto inaweza kutumika badala ya iodini ili aokoe hela. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeingia S5 (mwaka wa tano wa sekondari hapa Uganda) na kukuta mada ya kemikali za uhai imekaa mlangoni inakusubiri, au uliye chini zaidi unayetaka kuanza mapema. Mimi hufundisha kwenye baraza hapa Walukuba, Jinja, na nimeona kitu kimoja: anayeanza kwa kukariri majina anasahau yote kabla muhula haujaisha, na anayeanza kwa kushika vitu anakuja kuuliza jina mwenyewe. Kwa hiyo hapa tunashika kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

- Posho (ugali) ngumu iliyolala, kiasi cha ngumi mbili
- Unga wa mkaa, bizari ya manjano, na bitiruti moja ya kusaga
- Njiti za ufagio wa chelewa, zikatwe vipande vya urefu wa kidole
- Kichupa cha iodini kutoka duka la dawa (ile ya kupaka vidonda)
- Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ya asilimia 3 au 6
- Kipande cha muhogo mbichi, tooke bichi (ndizi ya kupika), na bogoya (ndizi tamu) iliyoiva hadi kuwa na madoa
- Karanga, yai moja, ndimu moja, kipande cha ini kama cha shilingi mia tano au elfu moja
- Sahani nyeupe, vikombe vitatu vya zamani, kijiko, na karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa
- Daftari na kalamu. Hivi navyo ni vifaa, usivione vya ziada

Vikombe na sahani utakazotumia zisirudi mezani. Niliwahi kufanyia jaribio kwenye sufuria ya mama, na lile doa la kahawia lilikaa pale kama shahidi mpaka sufuria ilipotoboka.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "wanga"

Kiswahili kinatutega hapa. Mtu anasema "chakula cha wanga" akiwa na maana ya kabohaidreti zote, pamoja na sukari. Mtu huyohuyo anasema "wanga wa muhogo" akiwa na maana ya ile molekuli ndefu tu inayogeuka buluu kwa iodini. Katika mwongozo huu, wanga ni hiyo ya pili. Kundi zima, yaani glukosi, sukrosi, wanga, selulosi na glaikojeni, naliita kabohaidreti. (Wale wanga wanaotembea usiku wana mtaala wao.)

"Mafuta" nayo: humu ni ya kula, si ya bodaboda.

Hatua ya 1: Finyanga atomi

Gawa posho yako mafungu manne. La kwanza liache jeupe, hiyo ni haidrojeni. La pili changanya na unga wa mkaa, hiyo ni kaboni, na hapo hatujadanganya sana maana mkaa wenyewe sehemu kubwa ni kaboni. La tatu tia bitiruti, ni oksijeni. La nne tia bizari, ni naitrojeni. Viringisha vidonge kama vya gololi.

Sasa shika hesabu moja tu, ndiyo itakayokubeba mada nzima. Kila atomi ina idadi yake ya mikono:

haidrojeni 1, oksijeni 2, naitrojeni 3, kaboni 4.

Njiti moja ni mikono miwili iliyoshikana. Mkono usiachwe ukining'inia, na atomi isiongezewe mkono. Anza na maji: oksijeni moja, haidrojeni mbili, njiti mbili. Halafu methani, gesi ya mitungi ya kinyesi cha ng'ombe: kaboni moja, haidrojeni nne. Halafu kabonidayoksaidi (kaboni moja, oksijeni mbili), ambapo utakwama mpaka ugundue kwamba atomi mbili zinaweza kushikana kwa mikono miwili miwili.

Ukizoea, tengeneza glisini, ndogo kuliko asidi amino zote (asidi amino ndizo vipande vinavyojenga protini). Kaboni mbili zishikane. Kaboni ya kwanza ibebe haidrojeni mbili na naitrojeni moja, na naitrojeni hiyo ibebe haidrojeni zake mbili. Kaboni ya pili ishike oksijeni moja kwa njiti mbili, na oksijeni nyingine kwa njiti moja. Hiyo ya pili imalizie na haidrojeni. Hesabu: vidonge 10, njiti 10. Ukipata njiti 9, umesahau ile ya pili kwenye oksijeni. Ukipata 11, umempa mtu mkono wa tano, na mara nyingi mwenye kosa ni kaboni.

*Kosa la kawaida:* kukimbilia glukosi. Glukosi ina atomi 24, posho itakuishia na hasira itakupanda. Glisini inatosha.

Hatua ya 2: Unganisha, na utoe maji

Tengeneza glisini ya pili, uweke zote mbili mezani zikielekeana. Kutoka ya kushoto ng'oa oksijeni yenye haidrojeni yake (ile ya mwisho). Kutoka ya kulia ng'oa haidrojeni moja ya kwenye naitrojeni. Ulivyoving'oa viunganishe: ni maji. Mikono miwili iliyobaki wazi ishikanishe, kaboni na naitrojeni. Hicho ndicho kifungo cha peptidi. Ulikuwa na vidonge 20, sasa una 17 kwenye molekuli na 3 kwenye maji.

Fanya kinyume: vunja kifungo, rudisha maji. Hiyo ni haidrolisisi, na ndiyo kazi inayofanyika tumboni mwako baada ya chakula cha mchana.

Hapa ndipo lile swali la glukosi tatu linapojijibu. Vitu vitatu vilivyoshikana kwa mstari vina viungo viwili, kwa hiyo maji mawili yametoka. Glukosi ni C6H12O6. Mbili zikiungana kuwa maltosi unapata C12H22O11. Ukiandika C12H24O12 umesahau kutoa maji, na hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote kwenye mada hii. Tatu zinakuwa C18H32O16.

Mafuta yana utaratibu wao: gliseroli moja inabeba asidi za mafuta tatu, kila moja ikijishika pembeni kivyake. Viungo vitatu, maji matatu. Usilazimishe ile hesabu ya mstari hapa.

Hatua ya 3: Sarafu na maji

Hii ni ya dakika tano. Weka sarafu ya 500 mezani, dondoshea maji tone kwa tone mpaka yamwagike, ukihesabu. Utashangaa yanavyovimba juu ya sarafu kama tumbo. Rudia na maji yaliyotiwa sabuni, yataporomoka mapema. Molekuli za maji huvutana: upande wa oksijeni wa moja unavuta upande wa haidrojeni wa jirani yake. Huo mvuto wa jirani kwa jirani ndio kifungo cha haidrojeni. Kile kinachoshika oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli moja ni kitu kingine, chenye nguvu zaidi, na watahini wanapenda sana kuona kama unavichanganya.

Hatua ya 4: Iodini

Zimua iodini: tone moja kwa matone kumi ya maji, mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Ukiitumia bila kuizimua, kila kitu kitaonekana cheusi na hutajifunza chochote.

Kata vipande vyembamba vya muhogo, tooke na bogoya. Vya kila aina viwe viwili: kimoja cha kutiwa iodini, kimoja cha kukaa bila kuguswa. Hicho cha pili usikidharau. Tooke lililomenywa hujikolea weusi lenyewe likikaa hewani, na nimeona wanafunzi wakishangilia "buluu-nyeusi" kwenye kipande ambacho hakijatiwa kitu. Dondosha, subiri nusu dakika, linganisha na mwenzake.

Muhogo utageuka buluu iliyokolea hadi nyeusi papo hapo. Tooke bichi vivyo hivyo. Bogoya yenye madoa itabaki karibu na rangi ya iodini, pengine na vialama vichache. Tunda ni la ukoo uleule, kwa hiyo wanga umeenda wapi? Umevunjwa kuwa sukari wakati wa kuiva, na ulimi wako ulishajua hilo zamani.

Sasa ile habari ya chumvi. Mwezi uliopita msichana mmoja alikuja na pakiti ya chumvi mkononi, akanionyesha maandishi.

"Mwalimu, si wameandika hapa ina iodini? Kwa nini ninunue nyingine?"

Nikamwambia ajaribu. Akanyunyiza juu ya muhogo, akasubiri, akanyunyiza tena, akamimina maji. Muhogo ukabaki mweupe kama meno. Iodini ya kwenye chumvi ni kidogo mno, tena imefungwa ndani ya kampaundi nyingine, iodaidi au iodeti. Kinachojipenyeza ndani ya msokoto wa wanga na kutoa ile rangi ni iodini yenyewe ikiwa pamoja na iodaidi, kama ilivyo kwenye kichupa cha dawa. Nenda kanunue.

Hatua ya 5: Doa la mafuta

Saga karanga kwenye karatasi ya kaki, pembeni dondosha tone la maji. Kausha juani. Kisha inua karatasi kwenye mwanga: doa la maji limetoweka, la karanga linapitisha mwanga. Kosa ni kusoma kabla karatasi haijakauka, maana hapo hata maji yanaonekana kama mafuta.

Hatua ya 6: Yai

Gawa ute mweupe wa yai vikombe vitatu. Kimoja tia maji yanayochemka, kimoja tia maji ya ndimu ya kutosha, kimoja kiache. Viwili vya kwanza vitageuka vyeupe, cha ndimu polepole zaidi. Protini imepoteza umbo lake.

Andika kwa herufi kubwa: imepoteza UMBO. Vifungo vya peptidi bado vipo. Yai la kuchemsha halijawa asidi amino; likiwa hivyo ungekunywa, usingetafuna. Kilicholegea ni vifungo dhaifu vilivyokuwa vinaushikilia mkunjo, vikiwemo vile vya haidrojeni.

Hatua ya 7: Vimeng'enya, vya kwako na vya ini

*Mate.* Pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, kijiko cha chai kwa nusu lita ya maji, uache upoe kabisa. Tia vijiko viwili kwenye kila kikombe cha vitatu. Cha kwanza ongeza kijiko cha mate yako, cha pili kijiko cha maji, cha tatu kijiko cha mate uliyoyachemsha kwanza. Viweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, joto la kuogeshea mtoto mchanga. Panga matone ya iodini kwenye sahani nyeupe, na kila baada ya dakika mbili chukua tone kutoka kila kikombe ulitie kwenye iodini yake. Osha kijiko kila mara.

Cha maji kitaendelea kuwa buluu. Cha mate mabichi kitaanza buluu, kipitie wekundu wa kahawia, kiishie kwenye rangi ya iodini yenyewe: amailesi, kimeng'enya cha mate (protini inayoharakisha kazi kama hii), imekata wanga. Cha mate yaliyochemshwa kitabaki buluu, na ukikumbuka yai la hatua ya 6 utajua kwa nini. Kila mtu atumie mate yake mwenyewe.

Kwa njia, kiazi kitamu kikipikwa polepole huwa kitamu zaidi kwa sababu kama hiyo: kina amailesi yake, nayo hukata wanga kuwa maltosi joto likiwa linapanda, kabla halijawa kali la kuiharibu. Bibi yangu alifunika viazi kwa majani ya mgomba na moto mdogo. Hakuwahi kusikia neno amailesi.

*Ini.* Kata vipande vitatu sawa. Kimoja kibichi, kimoja kilichochemshwa dakika tano, kimoja kibichi kilicholowekwa kwenye ndimu robo saa. Vimiminie haidrojeni peroksaidi. Kibichi kitafoka povu mpaka pembeni ya kikombe. Kilichochemshwa kitanyamaza. Cha ndimu kitatokota kwa unyonge. Kimeng'enya ni katalesi, inavunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Zima kijiti kikiwa bado na kaa jekundu, kiingize ndani ya povu: kitawaka tena.

*Angalizo:* peroksaidi isiingie machoni, na ini hilo haliliwi, hata kama umeliosha. Ulipewa hela ya mboga, sema ukweli nyumbani mapema.

Hatua ya 8: Yale ya maabara tu

Benedict na Biuret (kipimo cha protini) usivitafute uvifanyie nyumbani. Salfeti ya kopa ni sumu na haidroksaidi ya sodiamu inaunguza ngozi. Ila nenda maabara ukiwa unajua haya:

1. Benedict inahitaji joto. Kiasi sawa cha sampuli na myeyusho, testitubu ndani ya maji yanayochemka, dakika chache. Rangi hupanda kwa ngazi: buluu, kijani, manjano, chungwa, nyekundu ya matofali. Ukisimama kwenye kijani, andika kijani na useme sukari rejeshi (ile inayobadilisha rangi ya Benedict) ni kidogo.
2. Sukari ya dukani, iwe ya Kakira au ya Lugazi, ni sukrosi, nayo si sukari rejeshi. Itabaki buluu. Ichemshe kwanza na asidi haidrokloriki hafifu, uondoe ukali wa asidi kwa baikaboneti ya sodiamu mpaka povu liishe, ndipo utie Benedict. Asidi imeikata kuwa glukosi na fruktosi. Usipouondoa, Benedict haitafanya kazi sawasawa, maana yenyewe inataka hali ya alkali.
3. Biuret haihitaji moto. Haidroksaidi ya sodiamu kwanza, kisha salfeti ya kopa tone kwa tone. Zambarau ni protini. Ukimwaga kopa kwa pupa, buluu yake itaifunika zambarau. Kumbuka pia kwamba Biuret inatafuta vifungo vya peptidi, kwa hiyo asidi amino iliyo peke yake haitaonekana.

Hatua ya 9: Andika ulichokiona

Nilikuwa mwanafunzi nilipopewa sampuli tamu kwenye jaribio la shule. Nikaionja kwa siri (usionje), nikaamua ni sukari, na Benedict iliposimama kwenye buluu nikaandika "nyekundu ya matofali" kwa kujiamini kabisa. Ilikuwa sukrosi. Nilipata sifuri ya haki.

Safu tatu: jaribio, nilichoona, nilichohitimisha. Kwenye nilichoona, taja rangi ya mwanzo na ya mwisho. "Hakuna mabadiliko" pekee yake haitoshi. Sema iodini imebaki ya manjano-kahawia, Benedict imebaki buluu. Na "isiyo na rangi" si sawa na "ang'avu": chai ya rangi ni ang'avu lakini ina rangi. Mtihani wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda) utauandika kwa Kiingereza, sawa, lakini elewa kwa Kiswahili kwanza, kisha ujifunze jina la Kiingereza la kitu ambacho tayari unakijua.

Ikikwama

*Uji haukugeuka buluu.* Ulikuwa wa moto. Joto huifukuza ile rangi. Uache upoe, itarudi.

*Kila kitu kinageuka buluu, hata bogoya.* Umefanyia juu ya karatasi ya daftari. Karatasi nyingi huwekewa wanga kiwandani. Hamia kwenye sahani.

*Rangi ya iodini inatoweka kabisa, sahani inabaki nyeupe.* Kisu kilikata ndimu. Vitamini C huiondolea iodini rangi. Osha kisu.

*Kikombe cha mate hakibadiliki baada ya nusu saa.* Uji ni mzito mno, au beseni limepoa, au maji yalikuwa ya moto sana tangu mwanzo ukaiua amailesi. Zimua uji, anza upya.

*Ini bichi halitoi povu.* Peroksaidi imezeeka au ilikaa juani. Inajivunja yenyewe taratibu, ndiyo maana chupa yake huwa nyeusi au ya kahawia. Nunua nyingine, uiweke kabatini.

*Vidonge vya posho vinapasuka.* Posho imekauka. Ikande na maji kidogo, au subiri ya kesho iliyobaki.

Ukimaliza, vipande vya posho visivyo na kitu wape kuku. Vyenye iodini na ini la peroksaidi vifukie mbali na jiko, kabla paka hajavifikia.